Orodha ya Marehemu na Kompyuta Mbili Zisizosomana

Jumatatu, 2 Februari 2026

Hitima ni Jumapili. Siku sita. 

Niandike sababu, ili nisijidanganye baadaye. Tulihamishwa kutoka Kinyandu mwaka 1969, baada ya mafuriko. Makaburi hayakuhamishwa. Mto Rufiji ulibadili njia ukapita juu yake. Marehemu wetu hawana makao mengine ila kwenye orodha tunayoisoma kila Shaabani uani kwa Bi Mwanamkuu, mkubwa wetu sote, Mtaa wa Sikukuu. Majina mia mbili na kumi na manne. Msomaji ni mimi, mwaka wa kumi na moja sasa.

Orodha imo ndani ya kompyuta yangu, ya alama ya tunda lililong'atwa. Ukurasa nadhifu: safu ya kushoto marehemu, safu ya kulia wazima wenye zamu ya kuhudumia shughuli. Jirani asiyeipenda ni mmoja tu. Haruna Mbonde. Mkwewe kamletea kompyuta ya aina nyingine, ya alama ya dirisha, na leo mbele ya watu ameniomba faili, eti tushirikiane. Naujua ushirikiano wa Haruna. Anautaka usomaji!

Nimempa. Kwa tabasamu, kwenye flashi yake mwenyewe. Sikutaja kwamba programu niliyoiandikia haifunguki ila kwenye kompyuta ya tunda.

Jumanne, 3 Februari

Imekataa kufunguka! Haruna kaizungusha nusu ya Kariakoo. Barazani wanasema mzee wa watu hajui kompyuta. Nikasikitika kwa sauti.

Jioni akanipitia. Akasema kompyuta yangu ina kiburi kama mwenyewe. Nikamjibu kwa upole kwamba kila chombo kina watu wake.

Ninacho bado kipande cha gazeti nilichokata miaka ya tisini: makampuni mahasimu yamepeana mikono, karibuni programu moja itafanya kazi kwenye kompyuta yoyote. Nilikuwa na nywele nyeusi niliposoma habari ile. Niliifurahia mno. Leo nimefurahi kwamba walichelewa.

Alhamisi, 5 Februari

Msiba.

Umeme ulikatika saa nne, ukarudi kwa kishindo. Harufu ya plastiki. Chaja imeungua. Betri ilikwishakufa tangu mwaka juzi, kwa hiyo kompyuta nayo kimya.

Nikaenda kwa Rogath, fundi wa Mtaa wa Aggrey, kijana wa Kirombo mwenye heshima. Shikamoo yake huitoa akiwa amesimama. Akamimina gunia zima la chaja mezani. Za dirisha zote! Akasema za kwangu zina mdomo wake wa peke yake. Kuna kontena bandarini linasubiri kutolewa, labda wiki ijayo. Kufungua mashine na kutoa kumbukumbu ndani, wiki mbili. Akaniuliza kama nilihifadhi nakala popote.

Nikakumbuka. Nikakaa chini.

Nakala ipo moja tu duniani. Imo mfukoni mwa Haruna. Anayo, hawezi kuifungua. Mimi niliyeweza kuifungua, sinayo.

Nyumbani nikajaribu kuwataja kwa kichwa, nikihesabu kwa vidole. Sitini na watatu. Nikarudia. Sitini na mmoja. Wale wengine mia na hamsini na kitu, nisipowataja mimi, nani atajua kwamba walipata kuishi? Sikula mchana.

Ijumaa, 6 Februari

Baada ya sala nikamfuata Haruna msikitini, kwa mwendo wa mtu asiye na haraka. Nikamwambia roho imenisuta, nimekuja kumsaidia. Anikabidhi flashi nikaishughulikie.

Akanitazama kuanzia kofia hadi makubadhi. Akasema flashi haitoki mfukoni bila yeye. "Tutakwenda wote, kaka Mrisho. Mimi, wewe na mfuko wangu."

Basi tukaenda, bega kwa bega, kama wachumba. Nilipomnong'oneza Rogath asitaje chaja, akaitaja papo hapo. Haruna akacheka mpaka akashika mlango. Sijapata kuona meno yake mengi kiasi kile.

Rogath akasema mambo si kama zamani, siku hizi hizo mashine zinaelewana ukijua mlango wa kupitia. Akaingia mtandaoni, akaipitisha faili sehemu fulani. Dakika tatu! Ikafunguka kwenye kompyuta ya dirisha, majina ya watu wa Kinyandu yakashuka kama mvua. Macho yalinijaa maji. Vumbi la Aggrey.

Kisha nikazinduka. Haruna alikuwa anasogeza shingo asome. Nikaamuru nakala moja tu, ya karatasi, na faili ifutwe mara moja. Rogath akashauri niipitie kwanza, maana safu wakati mwingine huhama. Kupitia! Mbele ya Haruna! Nikaikunja ingali na joto, nikaitia ndani ya kanzu.

Nimeifungia kabatini. Sikuikunjua hata nyumbani, maana Haruna ana jamaa wengi na madirisha yangu hayana pazia.

Jumapili, 8 Februari

Nitaandika kwa ufupi. 

Kisomo kilikwenda vizuri. Nikasimama. Nikakunjua karatasi. Nikasoma Salum Matimbwa. Watu wakaitikia: Mungu amrehemu. Nikasoma Mwanamkuu Ngwele. Mungu amrehemu! Bi Mwanamkuu mwenyewe, kwenye sufuria ya pilau, aliitikia na wenzake.

Mazoea ni kitu kibaya. Ulimi uliendelea. Marehemu mwingine. Kisha Mrisho Mkumba. Wakaniombea rehema kwa sauti iliyotikisa bati, na mimi nikatulia kidogo, kama ninavyofanya kila jina, kabla sijajua ni la nani.

Nilipofika Haruna Mbonde, Haruna akainuka. "Kaka Mrisho, mimi nimekufa lini, na mbona sikualikwa?"

Safu mbili zilikuwa zimegeuka moja. Marehemu, mzima, marehemu, mzima, hadi wazima thelathini na mmoja waishe. Watu wakapiga kelele. Mmoja akataka kujua kama pilau iliyopo ni ya matanga yake. Nikatamani ardhi inimeze. Nikaomba nikae.

Bi Mwanamkuu akaja na mwiko mkononi. Akasema hakuna kukaa, sufuria zimekwishaiva na wafu wanasubiri. Nisome kama ilivyo: aliye hai aseme nipo, asiyejibu aombewe.

Nikasoma. Nipo! Mungu amrehemu. Nipo! Mungu amrehemu. Kuna mahali niliita Severa Mpili, pakawa kimya, watu wakageuza shingo wamtafute, na ndipo wakakumbuka kwamba huu ni mwaka wa ishirini tangu afariki. Wakamwombea wakilia. Wote wakatajwa. Mia mbili na kumi na wanne, hakupotea mmoja.

Baada ya chakula, hukumu. Bi Mwanamkuu kaniachia usomaji. Lakini orodha tutaitunza wawili, mimi na Haruna, na kila mmoja awe nayo katika namna ambayo mwenzake anaweza kuifungua. Akanitaka niape mbele ya watu. Nimeapa. Haruna akanishika mkono, akasema kwa kweli nilimsoma vizuri, hajawahi kusikia jina lake likitajwa kwa heshima vile. Tulikula sinia moja. Nimejifunza, na nimeandika hapa kwamba nimejifunza.

Jumanne, 10 Februari

Nimepita kwa Rogath kuulizia chaja. Kontena bado. Akanionyesha kompyuta ya aina ya tatu, si ya tunda wala ya dirisha, ina picha ya ndege mnene asiyeruka. Akanitahadharisha kwa uaminifu kwamba ni ngumu kuizoea, na kwamba yeye mwenyewe hujikuna kichwa akiiwasha.

Nikamwuliza kama kuna mzee mwingine yeyote, Kariakoo hadi Buguruni, anayeitumia.

Akasema hakuna hata mmoja.

Nimeichukua.