Kufuli Mbili za Stoo ya Viazi

Jumatatu, 9 Juni 2025
Baridi kali hapa Majengo. Serikali ya ploti yetu ya wapangaji imevunjika rasmi! Bi Zuena, mwenyekiti, alinunua gunia la viazi Karatina bila kushauriana na Mama Gathoni, mtunza stoo. Wiki tatu sasa hawajasalimiana. Hatununui tena kwa gunia; kila nyumba hununua kopo moja moja kibandani, kwa bei ya kutoa machozi. Kagure, jirani yangu mwenye watoto watatu, ameanza kuwapa uji mtupu mchana. Mimi, mhitimu wa sayansi ya siasa, ninyamaze? Nimeandika Mkataba wa Kugawana Madaraka, kurasa kumi na nne. Nafasi ya Waziri Mratibu nimejipa kwa muda tu.

Jumatano, 11 Juni
Ushindi! Wote wawili wametia sahihi, kila mmoja mlangoni pake. Gunia limefika kutoka Endarasha. Stoo ina kufuli mbili: ufunguo mmoja kwa Bi Zuena, mwingine kwa Mama Gathoni. Hakuna atakayemzunguka mwenzake. Kwa kuwa hawataki kuonana, nimewapangia zamu: Mama Gathoni saa mbili asubuhi, Bi Zuena saa tatu. Ustadi mtupu.

Alhamisi, 12 Juni
Saa mbili Mama Gathoni alifungua kufuli yake. Mlango haukufunguka. Akaifunga, akaenda zake. Saa tatu, Bi Zuena vilevile. Suala hili halikujitokeza katika rasimu. Bi Zuena aliniuliza kwa upole iwapo chuoni nilikuwa nikihudhuria kila siku. Nilimjibu kwamba ndiyo, isipokuwa wakati wa migomo.

Ijumaa, 13 Juni
Niliitisha kikao cha dharura. Nilihudhuria peke yangu. Kagure akaniletea kikombe cha uji, akasema wanaofikiri sana husahau kula. Kitinda mimba wake alikuwa nyuma yake, macho kwenye kikombe. Nikampa mtoto.

Mama Gathoni aliona yote. Alivuka ua hadi kwa Bi Zuena, aliyekuwa ndiyo kwanza anatoka msikitini.

“Zuena, leta ufunguo! Ati watoto watakula mkutano?”

“Siku zote hizi nangoja uniite, kichwa ngumu wewe!”

Wakafungua. Wakaketi kizingitini wakimenya, magoti yakigusana. Mama Gathoni alimtengea mwenzake viazi vikubwa bila kuombwa, maana baridi huvimbisha vidole vya Bi Zuena. Nilitumwa maji mara nne. Watoto wa Kagure walikula hadi wakasinzia.

Jumamosi, 14 Juni
Mkataba umefaulu kikamilifu! Nimeichunguza ploti inayopakana na yetu. Wanapika pamoja, wanacheka, hawana ugomvi hata kidogo. Hali ya hatari sana. Bila mahasimu, watagawana madaraka na nani? Kesho, baada ya kanisa, naanza kuwaundia upinzani.