Kipenga Anakwenda Chuo Kikuu

Jumatatu, 7 Julai

Nimepata kazi! Chuo kikuu! Nimewaambia majirani wote, na nilipofika kwenye neno “chai” nikashusha sauti.

Ndiyo, kazi ni ya chai. Wiki mbili za likizo, wanafunzi wametoka vyuo mbalimbali kuja kusoma mambo ya data na akili bandia. Mimi nawachemshia maji. Nywele bandia nazijua. Meno bandia nayajua, baba yangu anayo. Akili bandia nimeitafuta darasa zima, sijaiona. Wanafunzi wamekaa tu wanaitazama kompyuta kama watu wanaosubiri majibu ya hospitali.

Jioni, simu ya mama mkwe. Kasikia kwamba jirani anayenishikia Kipenga amesafiri. (Kipenga ni binti yangu. Ana jina zuri kwenye cheti, lakini ukishamsikia akilia hulikumbuki tena.) Mama mkwe akasema mjukuu wake hatalelewa na kila mwenye mikono. Anakuja Alhamisi ya wiki ijayo, na Jumamosi anaondoka naye. Atakaa naye mpaka afike umri wa kwenda shule. Kwake ni mbali, kutwa nzima barabarani.

Nikampigia mume wangu, yuko safarini na lori. Akasema mama ana nia njema. Nikasema hata mimi ninayo. Akasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika.

Mtoto hajajua hata kusema “mama”. Akiondoka sasa, neno hilo atakuja kumwambia nani?

Mpango: nimwonyeshe mama mkwe kwamba kazi na mtoto naviweza vyote. Kuanzia kesho Kipenga anakuja kazini. Kimyakimya.

Jumanne, 8 Julai

Si kimyakimya.

Toroli la chai lina rafu ya chini. Nikatandika blanketi, nikamlaza Kipenga, nikashusha kitambaa cha meza hadi sakafuni. Maridadi! Nikasukuma kama malkia. Tatizo ni msimamizi wa jengo. Nimempa jina la Hairuhusiwi kwa sababu ndiyo salamu yake. Akatusimamisha koridoni. Toroli likalia.

Akauliza kwa nini toroli linalia. Nikasema magurudumu yamekauka. Mtu mwenye roho nzuri ukimchukia inauma: akaenda kuleta mafuta! Akapiga magoti, akapaka gurudumu moja moja. Akasukuma kujaribu. Toroli likacheka.

Watoto hawaruhusiwi ndani ya jengo. Akarudia mara nyingi, ila kwa kunong’ona, maana Kipenga alikuwa amemshika kidole na hakijaachiwa.

Jumatano, 9 Julai

Mambo yamegeuka, sijui hata yamegeukaje.

Nilikuwa nje na Kipenga, naaga kazi. Wakatoka wanafunzi wawili. Msichana ni Betri, maana haonekani bila waya wa chaji, anatafuta soketi kama mbuzi anavyotafuta majani. Mvulana ni Samahani. Hata akipiga chafya anaanza na samahani. Wanatakiwa kuonyesha kazi yao Ijumaa ya wiki ijayo mbele ya ukumbi mzima na hawakuwa na wazo lolote. Kipenga akapasua kilio. Betri akasimama, akamtazama, akauliza analilia nini. Nikasema nepi. Akauliza nimejuaje. Nikasema nimejua tu. Wakatazamana kama watu waliookota kitu barabarani.

Wanataka kutengeneza mashine itakayosikia mtoto akilia na kusema anataka nini!

Wakanipeleka kwa Mwalimu wao, mwanamama mwenye mvi na viatu vya kukimbilia. Akasema mtoto hawezi kuingia kama mtoto, ila anaweza kuingia kama mshiriki wa utafiti, mama yake akikubali. Nikakubali kabla hajamaliza. Hairuhusiwi mwenyewe akamletea Kipenga kitambulisho cha shingoni: MSHIRIKI. Changu kimeandikwa CHAI.

Kipenga ametafuna chake chote hadi picha.

Ijumaa, 11 Julai

Nimeelezwa mashine inavyojifunza. Ninaandika nisije nikasahau, ingawa sina hakika niliwahi kujua.

Unaipa sauti ya kilio. Unaiandikia jibu: njaa, usingizi, nepi, tumbo. Unaipa nyingine na jibu lake, tena na tena, mpaka ianze kubahatisha yenyewe. Nikauliza nani anaijulisha kwamba jibu ni sahihi. Samahani akasema, samahani, mama, ni wewe. Mimi! Nimeishia darasa la saba, leo nina mwanafunzi wa chuma!

Nikaketi na kompyuta. Kilio, nikaandika njaa. Kilio, usingizi. Kilio cha tatu nikakisikiliza weee. Sikujua. Ukweli ni kwamba mara nyingi sijui. Nambeba, namzungusha, namwimbia, ananyamaza, nami najifanya nilijua. Nikamwambia Betri. Akasema weka unavyohisi. Akaenda kutafuta soketi.

Ninavyohisi.

Nikafikiria usiku wa manane anavyolia nikimshusha, na anavyonyamaza nikimwinua. Hiyo si njaa. Hilo si tumbo.

Jumatatu, 14 Julai

Mpango mkubwa! Hata mwenyewe ninajiogopa.

Mama mkwe haniamini mimi. Ila mashine ya chuo kikuu ataiamini, ni mtu wa kuheshimu vitu vyenye waya. Nikiongeza jibu moja, na jibu hilo likatoka kinywani mwa mashine mbele ya wasomi, nani ataibishia?

Nimeongeza: ANAMTAKA MAMA YAKE.

Nimeliweka kwenye vilio vyote. Hata vile vya Ijumaa nimerudi nikavibadilisha. Kwenye kilio kimoja alikuwa amekalia kijiko, nacho nikakiweka. Si uongo. Aliponyanyuliwa kwenye kijiko alinitazama mimi.

Jumatano, 16 Julai

Shangwe! Betri kaipima mashine, imepata karibu vyote. Akaruka, akakanyaga waya wake mwenyewe, kompyuta ikazimika. Samahani akaiomba radhi. Nikauliza kama kawaida inachukua muda mfupi hivyo kuelimika. Betri akasema hapana, hii ni ajabu, lazima data yetu ni safi sana. Nikaona aibu tamu, kama umesifiwa mtoto.

Mwalimu akapita. Akauliza kama wameangalia majibu yaliyowekwa. Betri akasema ndiyo, na mimi najua alikuwa anashughulikia rangi za picha za kuonyesha ukumbini. Mwalimu akasema mashine ikifundishwa uongo itasema uongo kwa ufasaha. Nimeyaandika hapa kwa sababu ni maneno mazuri. Sijui alikuwa anamsema nani.

Alhamisi, 17 Julai

Mama mkwe amefika. Mabegi manne kwa safari ya siku mbili! Nikauliza ya nini yote. Akasema nguo za mtoto. Akamchukua Kipenga mlangoni kabla sijamsalimia vizuri. Nikasema shikamoo nikiwa nimeshika hewa.

Akasema amekonda. Kipenga! Ana mikunjo mapajani kama mkate! Akasema mimi ndiye nimenenepa, labda nakula cha mtoto. Nikacheka, maana mama mkwe akitania unacheka. Akakagua sufuria zangu kwa kidole.

Nikamkaribisha kesho chuoni. Nikasema kuna mashine inaelewa watoto, imesomea. Akasema yeye amelea sita bila umeme. Lakini nimemwona akipiga pasi gauni la sherehe.

Jioni Kipenga akamlalia begani, akapitiwa. Mama mkwe akamfunika kisogo kwa kiganja, polepole sana. Nikaingia jikoni nikakoroga chungu kisicho na kitu.

Ijumaa, 18 Julai

Sijui nianzie wapi.

Ukumbi umejaa. Mama mkwe mbele kabisa, gauni la sherehe, Kipenga mapajani. Betri akaeleza. Samahani akasema samahani kwenye kipaza sauti. Wakamwomba mshiriki alie.

Mshiriki akakataa. Siku zote hizi ameliza hadi toroli, leo ametulia kama picha! Nikamfinyia uso. Akacheka. Nikaondoka asinione. Akapunga mkono.

Mtu wa nyuma akavuta kiti, kikakwaruza sakafu. Mashine ikawaka kwenye ukuta, herufi kubwa: ANAMTAKA MAMA YAKE.

Hairuhusiwi akakohoa mlangoni. ANAMTAKA MAMA YAKE. Simu ya Mwalimu ikaita. ANAMTAKA MAMA YAKE. Wakaanza kucheka, na kicheko chenyewe mashine ikakisikiliza kwa makini, ikajibu lile lile. Betri akageuka kunitazama. Nikaanza kufuta meza ambayo haikuwa na kitu.

Mama mkwe hakuwa na miwani. Akauliza kimeandikwa nini. Jirani yake wa kiti akamsomea. Akasimama na mjukuu wake begani, akaisemesha mashine kama anavyowasemesha watoto wa jirani. Ewe, mimi ni mtu mzima, nina wajukuu na kiuno kinauma, unanijua mimi?

ANAMTAKA MAMA YAKE. Asilimia tisini na tisa.

Watu hoi kwa vicheko. Jirani akamsomea. Mama mkwe hakucheka. Akakaa. Nikamletea maji, nikijua nimekwisha.

Akasema bila kunitazama kwamba mashine haijakosea. Yeye alipelekwa kwa shangazi akiwa mdogo kama huyu. Shangazi alikuwa mwema, hakumkosesha kitu. Aliporudi nyumbani, akamwamkia mama yake kama anavyoamkiwa mgeni.

Kisha akanipa Kipenga. Akanipa tu, mikononi. Kipenga akasema kitu. Lilikuwa neno au lilikuwa cheuo, sijui, mimi nimelichukua kama neno.

Hamchukui! Habaki bila mama! Nililia mbele ya wasomi, na mashine mnajua ilisema nini.

Mwalimu akapanda jukwaani, akatutumia sisi kama somo. Akasema ukiipa mashine jibu moja tu, itaona jibu hilo kwenye kila kitu duniani. Akasema hili ndilo kosa bora la msimu. Betri na Samahani wakapigiwa makofi kuliko wote, na Betri akaacha kunikasirikia alipopata soketi. Mwalimu akaniuliza kwa upole kama nimeelewa nilichofanya. Nikasema kabisa.

Nimeelewa kwamba ilifanya kazi.

Jumapili, 20 Julai

Jana ilikuwa siku ya mama mkwe kuondoka. Hakuondoka.

Anasema mtoto asitengwe na mama yake, na mama yake ni mtu wa kazi, kwa hiyo suluhisho ni bibi kuhamia. Mabegi manne! Sasa naelewa. Nguo za mtoto zilikuwa kwenye moja. Mume wangu amepigiwa simu, akasema ni wazo zuri, halafu mtandao ukaanza kukatika.

Analala kitandani kwangu. Mimi na Kipenga tuko kwenye mkeka. Sufuria zimepangwa upya, chumvi siioni. Kipenga ananenepeshwa kwa nguvu. Nampenda mama mkwe, namwonea huruma tangu ile siku, Mungu ni shahidi. Lakini nyumba ni vyumba viwili, na anakoroma kama jenereta.

Samahani aliniwekea mashine kwenye simu, kama kumbukumbu. Akasema, samahani, mama, usiiamini sana.

Leo mchana mama mkwe kajilaza. Nimekaa karibu na simu, nimerekodi mikoromo yake yote. Nimeipa majibu. Safari hii nimekuwa mwangalifu, nimesikiliza somo la Mwalimu, sijaweka jibu moja. Nimeweka mawili: ANATAKA KURUDI KWAKE, na ANATAKA KURUDI KWAKE LEO.

Akiamka nitamwonyesha. Kwa sasa nimeijaribu kwa Kipenga, aliyekuwa anagonga kijiko sakafuni. Imesema anataka kurudi kwake leo.

Inahitaji mikoromo zaidi.