Shujaa wa Kibimba Mwenye Upanga

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimekufa tena. Andika hivyohivyo, mjukuu wangu Anneth, usilainishe. Yule fisi wa kwenye simu kanirarua palepale njiani, upanga sijauchomoa! Na mkwe wangu Eustakia kacheka mpaka kanga ikamvuka.

Huyu ni mama yake mke wa mwanangu. Katoka Biharamulo kuja harusi ya mjukuu wetu Desderius. Sasa anataka eti asimamie pombe ya ndizi yeye. Hapa Kibimba, kwangu! Pombe yake naijua, kama maji ya kusuuzia sufuria. Ndizi ziko shimoni zinaiva, Alhamisi zinakamuliwa. Tumebishana mpaka Desderius kachoka, kasema bibi atakayemfikia kwanza mfalme kwenye mchezo wake wa simu, huyo ndiye mwenye pombe. Alidhani tutaacha. Sisi!

Mchezo wenyewe, unachagua kwanza wewe ni nani. Shujaa wa upanga, mganga, mchuuzi. Anneth kanishauri nichukue anayefanana na mimi, kwamba mimi ni mtu wa maneno na watu, basi mchuuzi. Nimekataa. Mimi niliyefukuza nyani kwa jembe, nina mimba ya baba yake huyu Anneth! Nimechukua upanga. Eustakia naye upanga. Mwigaji.

Jumanne, 9 Julai 2024

Nimeficha chaja ya Eustakia kwenye pipa la mahindi. Akili!

Mchana simu yetu imezima. Kumbe chaja ile ni ya Anneth. Sasa kutia mkono kwenye mahindi niitoe, panya! Nimepiga yowe, majirani wamekuja, na wakija lazima wakae, wakikaa lazima wale. Eustakia kanipa pole mbele yao, kasema siku hizi mkwe analala mapema, hata simu yake inalala mapema. Wamecheka wote. Yeye keshafika kwenye daraja la joka. Ukivuka hapo, kwa mfalme ni karibu.

Mimi fisi kanila mara mbili zaidi. Basi, nimekubali mchuuzi. Kwa muda tu, kama mtu anayeazima mabuti.

Jumatano, 10 Julai 2024

Yebaba we! Andika kwa herufi kubwa!

Asubuhi nimeingia kijiji cha mle kwenye simu, nikasalimia kila mtu. Anneth kasema hao si watu, nipite. Nikamwuliza kafundishwa wapi kupita mlangoni kwa watu kama mbuzi. Na kila niliyemsalimia alikuwa na neno! Mmoja kanionyesha njia isiyo na fisi. Bibi mmoja kanipa mtungi wa pombe.

Darajani namkuta Eustakia anakatakata, joka linamchoma, anarudi, linamchoma. Anneth kataka niuze mtungi ninunue ngao. Niende kwa mkubwa vile mikono mitupu? Nikaliwekea joka mtungi mbele. Likaupiga teke, likanichoma na mimi! Eustakia alivyofurahi, mpaka kakohoa.

Nikakaa, nikawaza. Nikajiona mjinga. Sikuonja! Nani anapokea pombe ambayo mwenyewe hajaionja mbele yake? Atajuaje si sumu? Nikarudi kwa yule bibi, kanipa mtungi mwingine. Nikamwambia Anneth atafute pa kubonyeza nionje. Kasema hakuna kitu kama hicho. Nikamwambia tafuta. Kipo! Waliotengeneza wana adabu zao.

Nikaonja. Joka likanywa lote, likasogea. Nikapita mpaka kwa mfalme, ngoma zinapigwa! Nimepiga vigelegele mpaka kuku wametawanyika. Pombe ni yangu! Eustakia kasema huo si ushujaa, ni hongo. Nimemjibu aende akamwulize joka.

Alhamisi, 11 Julai 2024

Leo tunakamua. Desderius kaleta mchezo mwingine, atakayeshinda ndiye atakayempa jina kitukuu wa kwanza. Jina ninalo tayari. Anneth ananiomba nichukue mchuuzi tena, anasema jana nimeona mwenyewe. Nimeona nini? Nimeona mtu aliyeshinda joka! Mtu kama huyo abebe kikapu? Andika upanga.

Nani huyo anapiga kelele? Eustakia. Anasema mkwe, watu wamesimama na vikombe, maji ya ndizi yametoka, njoo uonje kwanza wasije wakadhani umewawekea sumu.

Naja, mkwe! Anneth, shika simu. Na huo upanga uwe mrefu kuliko wake.