Kigoda cha Kumpimia Fundi Gitaa

Jumatatu, tarehe 4 Juni

Mjukuu wangu kaingia na uso wa msiba. Nikamwuliza kafa nani. Akasema hakufa mtu, ni gitaa. Lile analoazima, mwenyewe anasafiri nalo Ijumaa, na Jumamosi bendi yao inapiga ukumbini. Kiongozi wa bendi, yule wanayemwita Kofia kwa sababu haivui hata akila, amesema asiye na gitaa aachie kiti. Na kiti kikiachwa, anakaa Nywele.

Nywele ni mjukuu wa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, nyumba ya pili kutoka hapa. Kijana anajipaka mafuta kichwani mpaka nzi wanateleza. Akikaa yeye kwenye kile kiti, wifi ataniimbia mpaka naingia kaburini.

Shida ni kwamba si gitaa lolote. Hawa wanapiga jazi ya Kijipsi, muziki wa watu wa misafara wa mbali huko, na gitaa lake lina namna yake. Nyuzi za chuma. Mdomo, lile tundu la mbele, mdogo kama yai. Halichomekwi kwenye umeme, linatakiwa lisikike lenyewe ukumbi mzima. Linatengenezwa kwa mkono, na mji huu una mafundi wawili tu wa kazi hiyo.

Mjukuu akataka aende kuyajaribu magitaa yao. Nikamwambia atulie. Fedha ni zangu, za cherehani, na kuchagua fundi ni kazi ya mtu mwenye macho. Nimeanza kuchagua mafundi mama yake hajazaliwa. Akaniuliza, sasa bibi gitaa zuri utalijuaje? Nikamwambia mimi sichunguzi gitaa, namchunguza fundi.

Meno yangu ya bandia yakadondoka katikati ya maneno hayo. Nikayaokota nikamalizia.

Wifi alikuwa dirishani akisikiliza, kazi yake hiyo. Akasema mimi hata sijui gitaa linashikwa upande gani. Nikamwambia Jumamosi awahi, viti vya mbele ni vya ukoo wa wapigaji.

Jumanne, tarehe 5 Juni

Nimekwenda kwa fundi wa kwanza na kigoda changu kinachoyumba. Ndiyo njia yangu. Fundi yeyote nampa kigoda kwanza. Akikidharau kigoda, na mimi atanidharau.

Karakana yake iko nyuma ya kinyozi. Chumba kidogo, kinanuka gundi, mbao zimesimama ukutani kama watu wanaosubiri kuitwa. Nimemkuta anagonga ubao kwa kifundo cha kidole, ameutegea sikio. Hakusema karibu. Ameugonga, ameugeuza, ameugonga tena, ndipo akaniona. Nimempa jina la Kimya.

Nikamwonyesha kigoda. Akasema yeye hatengenezi vigoda, seremala yuko ng'ambo ya barabara. Alama ya kwanza hiyo.

Nikaomba kulishika gitaa. Jepesi kama kapu la kwenda sokoni. Ubao wa mbele mwembamba, nikaubonyeza ukabonyea, akanishika mkono. Nikaligonga kidogo likalia peke yake muda mrefu, kama linalalamika. Nikachungulia mdomoni. Ndani hamna kitu hata kimoja.

Akaniuliza atakayelipiga ni nani, mkono wake ukoje, anapiga kwa nguvu au polepole. Nikamwambia mwenye maswali leo ni mimi.

Nikapita kwa kinyozi kuuliza sifa zake. Kinyozi akasema ni mtu mgumu, wateja wengine anawakataa mlangoni. Nikauliza, basi gitaa lake la mtumba nitalipata wapi? Akasema hulipati, mama, walio nayo hawayauzi hata wakiwa na shida.

Nikaelewa. Hayana mnunuzi.

Jumatano, tarehe 6 Juni

Huyu wa leo ndiye fundi. Duka liko barabara kuu, kibao kikubwa, mlango umepakwa rangi. Kabla sijakanyaga kizingiti ameshasema karibu mama, karibu, karibu sana. Jina lake limejitoa lenyewe: Karibu. Akanipa kiti, akanipa soda ya baridi.

Ukuta mzima umejaa magitaa. Nikamwuliza mbona mengi hivi. Akasema mengi aliwatengenezea wateja, nao wakayarudisha. Nikafurahi. Watu hawarudi kwa mtu wasiyempenda.

Nikatoa kigoda. Hakukunja uso. Akakipindua, akatia kabari, akatia gundi, akapiga misumari. Soda haijaisha, kigoda kimeisha. Akakikalia mwenyewe akajirusharusha juu yake kunionyesha. Hakiyumbi.

Gitaa lake sasa! Zito kama mlango wa benki. Nikaubonyeza ubao wa mbele, hausogei. Akaligongesha kwenye meza makusudi, meza ndiyo iliyochubuka. Hivi ndivyo kitu kinavyotengenezwa. Nikalipa.

Njiani limeniangusha bega. Nimepumzika kila baada ya nyumba chache, nimekalia kigoda changu. Mbele ya dirisha la wifi nimepumzika zaidi. Akauliza nimenunua kabati? Wivu una sauti yake.

Alhamisi, tarehe 7 Juni

Mjukuu kalipiga. Nilikuwa nimekaa mbele yake, lakini nilisikia kama mtu anapiga nyumba ya jirani, na jirani kafunga madirisha. Nikamwambia akaze mkono. Akakaza mpaka kidole kikachubuka.

Jioni Kofia akaja kusikiliza. Wimbo ulipokwisha akauliza anaanza lini. Akalinyanyua kwa mkono mmoja, akalirudisha haraka, akasema pole. Kisha akamwambia mjukuu atamwambia Nywele ajiandae, ila tu ajiandae, bado hajaamua. Na kofia hakuivua.

Mjukuu hakulia. Amenishukuru. Amesema bibi umehangaika sana, asante. Afadhali angenitukana.

Nikalirudisha kwa Karibu. Akanipokea vilevile, karibu mama, soda. Fedha harudishi, ni utaratibu wa duka, lakini kwa roho safi yuko tayari kuliangika pale ukutani pamoja na wenzake mpaka apatikane mtu. Nikautazama ule ukuta kwa muda kidogo. Nikaubeba mzigo wangu nikarudi.

Kigoda lakini hakiyumbi. Siwezi kumsingizia mtu.

Ijumaa, tarehe 8 Juni

Mpango. Naenda kwa Kimya kama mtu mwingine kabisa, mwanamke mgeni mwenye gitaa zito anayetaka kubadilishana na jepesi. Nikavaa koti la wifi, lile aliloliacha kwangu wakati wa mvua na mimi nikasahau kumkumbusha. Nikavaa miwani ya jua. Nikavua meno ili sauti ibadilike. Gitaa nikalipakia kwenye toroli la muuza maji, na kigoda nikakibeba kwa sababu ya goti.

Kimya akanitazama, akakitazama kigoda. Akasema kimetengenezwa vizuri, mama. Nikamwambia ni cha dada yangu.

Akavuta pumzi. Akasema tangu Jumanne amekuwa akiuliza habari zangu mtaani. Habari zangu, mimi! Kinyozi amemwambia niliwahi kurudisha mkate umebaki kipande. Kwamba fundi viatu wa zamani alihama mtaa kwa sababu ya kiatu changu kimoja. Kwamba nilirudisha godoro baada ya mwaka. Nikamwambia mwaka ulikuwa haujatimia.

Akasema gitaa lake likitoka pale halirudi, ndiyo maana anamwangalia mtu kwanza. Aje mpigaji. Nikamwambia tangu nizaliwe sijaona mwenye duka anayempima mteja. Akasema hili si duka. Nikaondoka kwa hasira, gitaa zito nikaliacha pale pale, goti lilikuwa limekataa.

Nyumbani nikamweleza mjukuu kwamba yule mtu ana majivuno, na hakuna wa nyumba hii atakayekanyaga kwake. Nilikuwa bado nazungumza alipokuwa anafunga kamba za viatu.

Karudi jua limezama. Mgongoni ana lile jepesi, lenye mdomo kama yai. Anasema amepigishwa kila wimbo anaoujua. Kinyozi kamwacha mteja na povu kidevuni akaja kusimama mlangoni. Kimya amelichukua lile zito, na kinachobaki mjukuu atalipa mwenyewe kidogo kidogo. Kuna sharti moja tu: bibi asifike karakana.

Nimelifikiria sharti hilo wakati wa kula. Ananiogopa. Fundi mwenye akili anajua mteja mwenye macho.

Jumamosi, tarehe 9 Juni

Ukumbi umejaa, viti vimekwisha. Mimi nimekaa mbele kabisa juu ya kigoda changu. Wifi kachelewa, kapata nafasi karibu na choo. Nywele kasimama ukutani, na ukuta umebaki na alama ya kichwa.

Kofia akahesabu, wakaanza. Gitaa likatoka kama mtu anayekimbia kwenye bati. Nilisikia kila uzi. Niligeuka nikamwona wifi kule karibu na choo anatikisa mguu, hajijui. Nikamwonyesha kidole kwamba nimemwona.

Kisha wakapiga wimbo wa polepole. Mjukuu akafumba macho, kichwa upande, vile vile alivyokuwa babu yake akisikiliza redio baada ya kazi, chai inapoa mkononi. Sikuwa nimevaa meno. Nikafunga mdomo kwa nguvu mpaka wimbo ulipokwisha.

Watu walimzunguka wakiuliza gitaa kalipata wapi. Nikawaambia nimelichagua mimi. Mjukuu alikuwa pale pale anasikia. Akasema ndiyo, bibi alizunguka kwa mafundi wote wawili. Mtoto nimemlea.

Jumapili, tarehe 10 Juni

Mjukuu kapita karakana kushukuru. Kakuta lile gitaa zito limefunguliwa lote, mbao ziko mezani. Kimya amemwambia mbao ni nzuri mno, nene, kavu, hazina sauti hata kidogo ila zinafaa sana kwa kigoda. Nikamwuliza mjukuu, sikusema? Mbao nzuri. Kumbe nilichagua sawasawa mara zote mbili.

Wifi kaja kuchukua koti lake. Tukanywa chai. Kaniona nashikilia meno kwa kidole ili nimeze mkate, akaniambia nibadilishe fundi wa meno, yuko daktari mmoja anasifiwa mji mzima. Nikamwuliza sifa gani. Akasema akishakutengenezea meno humrudii tena.

Nikamwonea huruma. Umri wote ule na hajui kupima mtu. Huyo hawamrudii.

Mimi tayari nina wangu, yule wa karibu na soko. Nimepita pale juzi, foleni imetoka mpaka barabarani, na wote ni wateja wake wa zamani, wamerudi, kila mmoja ameshika meno yake mkononi. Akanipungia mkono kutoka ndani, akasema karibu mama.

Naenda kesho asubuhi. Nitabeba na kigoda. Tangu jana kimeanza kuyumba.