Kifua cha Gauni la Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Kuna jambo. Wifi yangu, dada wa mume wangu, kaja dukani leo kuchagua kitambaa cha gauni lake la harusi. Harusi ni Agosti. Kachagua satini nyeupe. Vizuri. Nikachukua futi nimpime. Mabega, sawa. Kiuno, sawa. Nilipofika kifuani akarudi nyuma! Eti kifua tukiache kwanza, nianze na sketi. Tukiache? Gauni zima linaning'inia hapo!

Kifua cha wifi hakuna akijuaye kama mimi. Tangu usichana wake titi la kushoto ni dogo, tena dogo hasa. Alikuwa akitembea amekumbatia madaftari kama ngao. Ni mimi niliyemtafutia dawa: kipande cha sponji, nakishonea ndani ya nguo, upande wa kushoto. Kila nguo. Sasa anafundisha hesabu mbele ya darasa zima na hakuna jicho linalomganda. Siri hiyo tunaijua wawili tu. Hata mume wangu haijui, na yeye ndiye kaka mtu.

Leo ananificha kifua. Namshuku Bi Mkasi, fundi wa ng'ambo ya barabara. Jina hilo nimempa mimi. Tangu afungue duka anawapigia mahesabu wateja wangu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemfuata wifi. Nilivaa miwani ya mume wangu nisijulikane. Sikuona kitu, nikagonga toroli la machungwa. Mwenye toroli kanitukana, nami nikajikausha, maana mpelelezi hajibizani.

Wifi kaingia lile jengo jipya. Chini kuna duka la vitambaa, na ndimo anamonunua Bi Mkasi. Haa! Nikamngojea atoke na mzigo. Wapi! Nikachungulia, hayumo. Kumbe alipanda ngazi. Juu kuna kliniki, na kibao chake kinasema upasuaji wa kurekebisha maumbile. Nikavua miwani, nikasoma tena.

Anakwenda kutengeneza kifua. Bila kuniambia! Na kikishakaa sawa, mimi na sponji zangu tutakuwa wa nini? Mwenye kifua cha kawaida hushona popote. Atashona kwa Bi Mkasi.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mzuri: nimekwenda kliniki mwenyewe, nikajifanya nataka kuongeza matiti. Nia yangu kuwafuma.

Daktari kijana, mpole. Mpole mno. Akauliza kama navuta sigara, kama nina mpango wa kunyonyesha tena, kama kwetu kuna aliyeugua saratani ya matiti. Maswali ya polisi! Kisha akatoa futi. Futi! Akapima kutoka kishimo cha shingo hadi kwenye chuchu, na kutoka hapo kushuka. Nikamwambia kifua hakipimwi hivyo, kifua kinazungushwa. Akatabasamu, akasema yeye hapimi nguo. Nikamwekea alama.

Akaeleza kila kitu bila kuulizwa, jambo ambalo pia silipendi. Mtu hulazwa usingizi kwa dawa. Hupasuliwa kidogo, mara nyingi chini ya titi, kisha huingizwa kifuko cha silikoni au cha maji ya chumvi. Kama matiti yanatofautiana, vifuko navyo hutofautiana, ila kulingana kabisa kabisa haahidi. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Halafu maumivu, uvimbe, sidiria maalumu usiku na mchana, kulala chali, na kutonyanyua kitu kizito kwa majuma kadhaa. Kovu hubaki, ingawa hufifia. Wengine chuchu hufa ganzi. Wengine mwili hukifunga kifuko kwa ngozi ngumu, ikabidi kupasuliwa tena. Na vifuko vyenyewe havidumu maisha.

Nikauliza kuhusu nguo. Akasema mwanzoni matiti hukaa juu na huvimba, kisha hushuka polepole kwa miezi. Gauni la maana lisipimwe kabla ya hapo.

Haa! Nisishone kwa miezi. Na wakati huo nani anashona? Bi Mkasi! Wamekula njama, yeye na huyu kijana. Mmoja yuko juu, mwingine ananunua chini, ngazi ni moja.

Mwisho akaniambia nikafikirie, hakuna haraka, na wengine wakishafikiri huamua wabaki kama walivyo. Mtu anayekuuzia kitu bila kukuharakisha ana lake jambo.

Jumanne, 18 Machi

Wifi kapasuliwa leo. Mama mkwe ndiye aliyeniambia, eti nisimwambie mtu. Nikajifanya kushtuka. Nilishtuka vizuri sana, mpaka akaniletea maji.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekwenda kumwona mgonjwa. Futi nimeificha ndani ya mkono wa blauzi. Mpango: nimkumbatie kwa furaha, futi imzunguke, nipate kipimo.

Nilimkumbatia. Akapiga yowe, majirani wakajaa mlangoni. Mama mkwe akanitoa nje kama mwizi wa kuku, na futi inaning'inia kwenye mkono wa blauzi. Nikasema ni mtindo mpya.

Kupitia dirishani wifi akaniambia, kwa sauti ya kuchoka, kwamba gauni nitalishona mimi, nani mwingine? Ila Julai, daktari akisharuhusu. Ametumwa aseme hivyo, najua.

Hata hivyo jicho langu limeshafanya kazi. Nimekiona kifua, kipo juu, kimejaa. Nimekariri.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeshona! Kifua kigumu, kina mifupa ya plastiki ndani, kimesimama chenyewe. Nimeliweka gauni kwenye sanamu ya dirishani, likimtazama Bi Mkasi. Kasimama ng'ambo akilikodolea macho, kichwa kakilaza upande. Ameumia.

Jumatano, 30 Julai

Balaa.

Wifi kaja kujaribu. Kavua blauzi bila kugeukia ukuta, mara ya kwanza tangu nimjue. Kavaa gauni. Kifua cha gauni kikabaki juu, kitupu kama rafu ya duka lililofilisika, na wifi mwenyewe yuko chini yake. Nikamwambia asimame wima. Alikuwa wima. Nikamwambia avute pumzi. Akavuta, pengo likabaki palepale. Nikamwambia gauni halina kosa, kifua ndicho kimehama.

Hakucheka. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akasema hakuniambia mapema kwa sababu aliogopa ningedhani ameichoka kazi yangu. Akasema hakuichoka, ilimwokoa. Ila alitaka mara moja tu, siku ya harusi yake, nimvalishe nguo isiyo na kitu cha kuficha ndani. Mimi nimvalishe, si mtu mwingine. Na sasa harusi ni Jumamosi. Akaanza kulia.

Nililia naye. Kwa kweli nililia.

Kisha nikafumua kifua chote. Mkasi wangu ukakwama kwenye ile mifupa, ikabidi nivuke barabara. Bi Mkasi akanipa wake bila hata kuuliza. Anatafuta nini huyu?

Nikampima wifi upya, safari hii kwa futi, na ruhusa. Kushoto na kulia sawa. Nikarudia nikitafuta kosa la daktari. Sikuliona. Kalificha vizuri.

Jumapili, 3 Agosti

Harusi imepita. Gauni lilikaa! Wifi aliingia ukumbini mikono ameiachia, hakukumbatia chochote, hata maua alimpa mtu amshikie. Mama mkwe alinibusu. Mume wangu akasema hajawahi kumwona dada yake akitembea hivyo, akauliza kuna siri gani. Nikamwambia siri ni satini. Wifi alinikumbatia kwa nguvu zake zote, akaninong'oneza asante, eti hatimaye hana kitu ndani.

Sikutaka kumharibia siku. Kipo, kidogo. Sponji moja tu, nyembamba, ndani ya bitana, upande wa kushoto. Akiba. Daktari si alisema mwenyewe havidumu maisha? Vikimwishia katikati ya harusi je? Mimi si mtu wa kubahatisha.

Jioni hii wifi kanipigia simu, sauti imempotea. Ameziangalia picha za harusi. Katika kila picha anaona la kushoto limezidi la kulia. Akaniuliza mimi naonaje, niseme ukweli. Nikachukua picha niliyonayo, nikaiangalia kwa jicho la fundi. Nikamwambia ukweli: limezidi.

Akalia. Kesho anarudi kliniki, na ameniomba nimsindikize, maana hakuna mwingine anayekijua kifua chake kama mimi. Mimi, si Bi Mkasi! Futi nimeshaitia kwenye mkoba. Nilijua tu yule kijana hajui kupima.