Chupa ya Mkojo wa Mujuni

Jumatatu, 6 Machi 1989
Nimerudi kutoka kliniki ya sukari, Bukoba mjini. Naogopa. Daktari Burhani kasema sukari imeanza kunila figo. Eti ndani yake inachipuka mishipa midogo ya damu isiyotakiwa, kama machipukizi kwenye mgomba usiopaliliwa: mingi, dhaifu, inavuja. Dawa: insulini kila asubuhi, vidonge vya presha, pombe marufuku. Sindano! Hapa Buganguzi ukikonda tu wanasema ni Juliana, UKIMWI huo huo unaotumaliza. Wakiniona na sindano, nani atakaa nami tena? Tayari navaa mashati matatu kuficha mbavu.

Jumatano, 8 Machi
Nimepata akili. Mkojo ukiwa safi, sindano zitafutwa! Jirani yangu Mujuni ni mnene, anajisifu hajawahi kumeza hata aspirini. Nikamwambia mibuni yangu ina wadudu, na dawa yao ni mkojo wa mtu mwenye afya. Akavimba kichwa. Kajaza chupa nzima ya soda, akauliza kama nahitaji nyingine. Mjinga.

Alhamisi, 9 Machi
Balaa! Daktari kauchemsha mkojo wa Mujuni na ile dawa ya buluu ya kupimia sukari, ukageuka rangi ya tofali: sukari imejaa! Protini nayo tele. Akaniuliza kama naoga lubisi, pombe yetu ya ndizi. Ningekiri kuwa mkojo si wangu? Kaniongezea kipimo cha insulini.

Ijumaa, 10 Machi
Asubuhi nilijificha migombani, nikajichoma kipimo kipya. Jasho. Mikono ikatetemeka, macho yakaingia giza. Nikajua nakufa. Niliogopa kweli, nikamwita marehemu mama. Aliyekuja ni Mujuni, analeta chupa ya pili. Namshukuru Mungu alikuwa pia na kibuyu cha mulamba, maji matamu ya ndizi, na hicho ndicho alichoninywesha. Nilipozinduka alikuwa anaitazama sindano.

"Waitu Rugambwa, ni Juliana?"

Nikamwambia yote. Sukari yangu, na yake. Hakunigombeza. Aliketi chini, akasema baba yake alivimba miguu hadi akafa, nao wakadhani karogwa.

Jumapili, 12 Machi
Kesho nampeleka Mujuni kliniki. Hajala tangu juzi. Anaogopa sindano kuliko kaburi, ananiuliza afanyeje. Mtu kaniokoa, siwezi kumtupa. Nimemwambia atulie. Shemeji yangu Anatolia ana afya ya ng'ombe, na nimeshamweleza habari za wadudu wa kahawa. Kaahidi chupa mbili: moja ya Mujuni, moja yangu.