Jinsi Dismas Alivyomvua Cheo Jenerali Brannock

Sogeeni, enyi mnaokunywa kahawa na enyi mnaosubiri kuosha vikombe! Zimeni simu, niwasimulie vita vilivyopiganwa Al-Dirah, mjini Riyadh, katika duka la silaha lenye kiyoyozi kibovu. Vita ambavyo hakufa mtu ila jenerali mmoja, naye hakuwahi kuzaliwa.

Shujaa wake ni Dismas wa Moshi, fundi mkuu wa lifti za mtaa wa Olaya, mpandishaji wa matajiri na mteremshaji wao. Siku moja, mbele ya sinia la wali wa kabsa, alijigamba kwa bosi wake Abu Turki kwamba hakuna bunduki asiyoijua. Kumbe aliyoijua ilikuwa gobore la mjomba wake tu, na alilijua kwa kulikimbia.

Abu Turki, mwenye kibali cha silaha na hamu ya kumpendeza baba mkwe wake wa Jeddah, akatamka: "Yalla, mhandisi! Nimepata bunduki kuukuu. Ikague kabla sijainunua."

Dismas akamchukua rafiki yake Onesmus, Mkenya mwenye simu isiyoishiwa chaji na mdomo wa namna hiyohiyo.

Dukani, mbele ya Abu Turki, muuzaji akailaza bunduki juu ya zulia mithili ya mfalme aliyefariki, akanguruma: "Someni jina kwenye mtutu! Ni Jenerali Brannock, aliyefyeka simba kwa silaha hii!"

Macho ya Abu Turki yakalowa. Dismas akaiona aibu ikija mbio: hadithi hiyo, ikiwa ya uongo, ingesimuliwa Jeddah mbele ya shemeji za bosi, wawindaji wa kweli, nao wangemcheka bosi hadi Idi.

"Bro, sema tu iko poa, twende," Onesmus akanong'ona.

"La, hasha! Mimi niliyeikomboa lifti iliyokwama na bibi harusi ndani, nishindwe na chuma hiki? Nimulikie!"

Akamtaka muuzaji aifungue, akahakikisha haina risasi, akachungulia. Lo! Pini ya kupigia risasi haikulenga katikati ya kitako cha risasi, ililenga ukingoni mwake. Simu ya Onesmus ikathibitisha: bunduki za namna hiyo hula risasi ndogo, nyembamba kama kalamu.

"Simba gani huyo aliyeuawa kwa risasi ya sungura?" akauliza.

"Labda alikuwa amelala," akasema Onesmus.

Dismas akalowesha leso, akausugua mtutu kwa ghadhabu ya majeshi, hata chini ya uchafu yakafufuka maneno ya Kiingereza: imetengenezwa kwa ajili ya Maduka ya Brannock. Onesmus akapekua simu, akampata pacha wa bunduki hiyo: bolti ileile, kitako kilekile, ila mtutuni mwake lilikuwa jina la kiwanda.

"Ewe bosi!" Dismas akapaza sauti. "Brannock si jenerali, ni duka! Liliuza mashuka, masufuria, na bunduki za kiwanda cha wengine, likazipiga chapa yake. Hii ni ya sungura."

"Sungura wa zamani walikuwa wakali!" muuzaji akalia.

Abu Turki akacheka hadi kilemba kikamwanguka.

"Baba mkwe wangu ana duka la masufuria Al-Rawdah, kulekule Jeddah! Miaka yote analalamika kwamba hakuna silaha iliyowahi kuitwa kwa jina la muuza masufuria. Halas, yameisha, naichukua!"

Dismas hakupewa nishani. Abu Turki alimmiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe, mara tatu, naye akainywa akiwa amesimama wima. Andikeni basi, enyi waandishi wa historia, kwamba zama ni mbili: ile ambayo Brannock alikuwa jenerali, na hii yetu.